Balozi na Ua la Batobato

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa na kasoro moja tu: alitii amri kabla haijamaliza kusemwa. Kasoro zake nyingine zote, na hazikuwa chache, zilitokana na hiyo.

Ilipokuja amri kwamba kila nyumba iwe na choo, yeye alichimba viwili, kimoja cha kutumia na kimoja cha mfano. Cha mfano kilikuwa na mlango wa mbao wenye bawaba, sakafu iliyosuguliwa na dirisha dogo la kutazamia bonde. Nyumba yangu wakati huo haikuwa na bawaba hata moja. Hakuna aliyeruhusiwa kukitumia, na kilikaa hivyo kikiwa safi mpaka mbuzi wa nyumba ya sita alipoamua kuzalia humo. Balozi akaitisha kikao kumjadili mbuzi.

Ilipokuja amri kwamba kila mtu mzima aonekane na jembe asubuhi, alilibeba lake hadi kanisani na kuliegemeza kwenye benchi la mbele. Katikati ya sala likaanguka kwa kishindo. Mchungaji akaacha mahubiri aliyoyaandaa, akahubiri juu ya kazi. Tulitoka tukisema hayo yalikuwa mahubiri mazuri kuliko yote ya mwaka ule.

Sitasema alizaliwa wapi wala na nani. Sikuwahi kumuuliza, na yeye mwenyewe akijieleza alianzia siku aliyokabidhiwa daftari la chama. Mimi nilikuja kuolewa pale, katika kijiji kimoja juu ya mji wa Lushoto, miaka michache baada ya Uhuru. Nilitokea upande wa Bumbuli nikiwa na sanduku moja, cherehani na mdomo mrefu. Asubuhi ya pili Balozi alisimama mlangoni kwetu. Alivaa koti la sufu na viatu vya mpira, na miwani yake ilikuwa na mguu mmoja, upande wa pili umefungwa kwa uzi hadi nyuma ya sikio.

"Shikamoo, Balozi," nikasema.

"Marahaba. Hii ni nyumba ya saba. Kwa hiyo wewe ni Saba."

"Nina jina, Balozi."

"Jina utaitwa na mumeo. Mimi nina watu wengi wa kukumbuka."

Basi nikawa Saba. Mume wangu naye alikuwa Saba, na watoto waliofuata wakawa Saba wadogo. Jirani yetu mnene, mpenda kula, alikuwa Tatu. Bibi mjane wa nyumba ya mwisho, aliyelima kipande chake peke yake na hakumwogopa mtu yeyote, alikuwa Bibi Kumi. Yeye Balozi, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyoandikwa mwanzo, alikuwa Moja. Nilijaribu kumwita hivyo mara moja tu. Alinitazama juu ya miwani mpaka nikaenda kuchota maji ambayo sikuyahitaji.

Amri za serikali alizitoa kwa Kiswahili, tena kile cha redioni. Lawama alizitoa kwa Kishambaa. Kwa hiyo tulijua tumefikia wapi hata tukiwa mbali, kwa kusikiliza tu amebadilisha lugha au bado.

Kulikuwa na jambo la matuta. Wakati wa mkoloni watu wa milima hii walilazimishwa kulima matuta, wakayachukia, wakagoma. Balozi alikuwa miongoni mwa waliolala rumande kwa kukataa hata kushika jembe. Hadithi hiyo alitusimulia kila Sabasaba, na kila mwaka rumande ilizidi kuwa na baridi. Uhuru ulipokuja, mtu wa kwanza kupita nyumba kwa nyumba akituamuru tulime matuta alikuwa yeye. Bibi Kumi akamkumbusha ile baridi ya rumande.

"Yale yalikuwa matuta ya mkoloni," Balozi akajibu. "Haya ni yetu."

"Maji yanajua tofauti yake?"

"Bibi, maji hayapigi kura."

Tulicheka, na Balozi alidhani tunacheka pamoja naye. Mara nyingi ilikuwa kweli.

Sasa nieleze ua, maana mtu huyu huwezi kumsimulia bila ua lake.

Kando ya mlango wake kulikuwa na kitalu kilichozungushiwa mawe, na ndani yake ua ambalo hakuna aliyelijua jina. Majani yake yalikuwa mapana kiasi, yenye meno meno pembeni, na yalijaa mabaka meupe kana kwamba mtu alipaka ukuta chokaa akasahau kuwa kuna mimea chini. Lilichanua zambarau. Lakini maua hayakuwa na maana kwake. Aliyaacha yapukutike bila hata kuyatazama. Alichosubiri ni maganda. Yalikuwa bapa, ya mviringo, mapana kuliko kidole gumba, na yakikauka huwa na rangi mbaya ya karatasi iliyonyeshewa. Hapo ndipo kazi huanza. Unalishika ganda kwa vidole viwili, unalisugua polepole, ngozi ya nje inateleza upande huu na ya pili upande ule, mbegu zinaanguka, na katikati unabaki utando mweupe unaong'aa, mwembamba kiasi kwamba ukiuinua unaona milima ya ng'ambo kupitia ndani yake. Mara ya kwanza nilipouona nilicheka kwa sauti. Sikujua kitu kizuri kinaweza kujificha ndani ya kitu kibovu namna ile kwa makusudi.

Alikolipata ni swali lenye majibu matatu. Aliwahi kuniambia kuwa alipewa na muuguzi wa kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Mume wangu aliambiwa lilijiotea lenyewe kwenye shimo la choo cha mfano. Na Tatu aliapiwa kabisa kwamba lilitoka kwa afisa wa chama. Tulipokutana na kulinganisha, Balozi alisema yote matatu ni kweli, akabadilisha mazungumzo.

Matawi ya maganda yaliyomenywa hayakunyauka. Bibi harusi yeyote aliyetoka katika nyumba zetu kumi alitoka na tawi hilo mkononi. Aliyefariki alizikwa na shada lake. Madhabahu ya kanisa nayo ilikuwa na chungu chake mwaka mzima, na wageni kutoka Lushoto mjini walikuja kuyashika kwa ncha za vidole na kuuliza yametengenezwa kwa nini.

Ila matumizi makubwa yalikuwa ya mahakama. Naiita mahakama kwa utani, lakini ilifanya kazi kuliko ile ya mjini. Mkigombana, iwe mke na mume au majirani kwa mpaka, mlikwenda kibarazani kwa Balozi. Hakuwauliza kitu. Alimpa kila mmoja tawi lenye maganda makavu, akaweka ungo katikati wa kupokea mbegu, akasema, "Menyeni huku mkieleza."

Hapo ndipo akili yake ilipokuwa. Ganda lile halikubali vidole vya hasira. Ukisugua kwa nguvu, utando unachanika, na yeye ameketi pale akiangalia vidole vyenu, vinywa vyenu amekwisha kuvisahau. Mtu alianza kwa kupayuka, akachana moja, akachana la pili, akaona aibu, akapunguza sauti ili apate kumenya la tatu. Ukifika ganda la kumi huwezi tena kukumbuka vizuri ulichokuwa unataka kusema.

Sisi tulikwenda mwaka wetu wa pili wa ndoa, kwa sababu mume wangu aliuza mbuzi wangu bila kuniuliza. Nilichana saba mfululizo. Balozi akayapanga magotini yaliyochanika, akayatazama, akasema, "Saba amechana saba. Endelea." Mume wangu akaanza kucheka, nami nikataka kumpiga na tawi, na nikajikuta nacheka pia. Mbuzi hakurudi. Lakini tulirudi nyumbani tumeshikana mikono, jambo ambalo watu wa kwetu hawalifanyi barabarani, na Tatu alilitangaza hadi sokoni.

Mtu huyu alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa. Alimpa mgeni koti lake wakati wa baridi ya Julai. Mapeasi ya mti wake yaliliwa na kijiji kizima. Lakini mbegu ya ua lile hakumpa mtu. Ungo ulikaguliwa baada ya kila kesi, mbegu zikatiwa katika kopo la chai, kopo likawekwa chini ya kitanda. Ukimwomba moja tu, uso wake ulifungwa. "Hili ni la ofisi," alisema, na ofisi ilikuwa kile kibaraza.

Mwaka ule wa balaa, maharage yalishikwa na ugonjwa. Majani yalijikunja na kuwa na mabaka, hali ambayo wakulima huiita batobato. Bwana Shamba wa wilaya, kijana mpole mwenye baiskeli, aliitisha mkutano pale shuleni. Aliandaa maelezo yake vizuri. Akasimama akasema kwamba ugonjwa huu unasambaa kutoka mmea hadi mmea, na kwamba kila mmea wenye batobato ung'olewe na kuchomwa moto pamoja na mbegu zake.

Alipofika hapo, Balozi alikuwa ameshasimama.

"Mzee, sijamaliza," Bwana Shamba akasema.

"Wewe maliza. Mimi naanza."

Akatoka. Sisi watu wake tukamfuata, maana tulijua mashamba yatakayoanza ni ya nani. Aling'oa maharage ya nyumba ya pili na ya tano. Kwa Nne alikuta maboga, na majani ya maboga yana mabaka meupe tangu Mungu ayaumbe, lakini yalikuwa mabaka, akayang'oa. Akashuka kwa Bibi Kumi. Maharage ya Bibi yalikuwa yote alichokuwa nacho kwa msimu ule, na nusu yake na zaidi yalikuwa yameugua.

"Balozi, niache mpaka kesho," Bibi akamwambia. "Nitazame lipi litapona."

"Amri haikutaja kesho, Bibi."

Akang'oa. Bibi Kumi hakulia wala hakupiga kelele. Alisimama na mikono kiunoni mpaka shina la mwisho likatoka ardhini, kisha akasema kwa utulivu kabisa, "Na yako?"

Balozi hakuelewa.

"Yangu yapi? Mimi sikupanda maharage mwaka huu."

"Lile la mlangoni. Lina mabaka kuliko maharage yangu."

Niliona jambo likimwingia taratibu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mkewe, aliyekuwa amesimama kando yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, subiri. Twende kwanza tumuulize yule kijana." Na Tatu akadakia kwamba ua si chakula. Mimi nilisema kitu pia, sikumbuki nini. Balozi alipanda kilima kwa mwendo wake uleule wa viatu vya mpira, sisi nyuma yake, akafika mlangoni, akapiga magoti na kuling'oa ua lote, shina kwa shina, pamoja na yale yaliyokuwa na maganda mabichi. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la chai. Moto ukawashwa palepale. Mbegu zilipasuka ndani yake na watoto wakacheka, kwa kuwa hawakujua. Mimi nililia, wala sioni haya kulisema.

Bwana Shamba alifika jioni ileile akisukuma baiskeli. Alisalimia, akatazama kitalu kitupu chenye mawe yake.

"Mzee, lile ua lako liko wapi? Nilitaka kuomba mbegu, mke wangu analipenda."

"Lilikuwa na batobato."

"Lile? Lile ni rangi yake tu. Mimi nilisema maharage na mihogo." Akasita. "Nadhani ulikuwa umeshatoka."

Balozi alimkaribisha chai. Alikunywa naye kikombe kizima, wakazungumzia bei ya tairi za baiskeli. Sijawahi kuona mtu akinywa chai kwa shida namna ile.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuchekesha kwa mtu asiyeishi pale. Kesi hazikukoma kwa sababu ua limekwisha, bali ziliongezeka. Balozi akajaribu mahindi. Aliwapa wagomvi mahindi makavu wapukuchue, lakini mahindi yanapenda hasira. Kadiri unavyokasirika ndivyo unavyopukuchua vizuri, na watu walipaza sauti mpaka kuku wakakimbia. Akajaribu njegere mbichi. Tatu na shemeji yake wakazila zote wakabaki bila la kufanya, wakashikana mashati. Kesi moja ya mpaka, ambayo zamani ingekwisha kwa maganda kumi na mawili hivi, ikachukua siku tatu. Balozi alianza kuonekana mzee. Asubuhi alitoka, akasimama kwenye kitalu, akang'oa jani moja la magugu, akarudi ndani.

Na mimi nilikuwa na siri nyuma ya jiko langu.

Siku ile ya kesi ya mbuzi, mbegu nne hazikuanguka kwenye ungo. Ziliingia kwenye pindo la kanga yangu, na siwezi kusema ziliingia zenyewe. Nilizipanda nyuma ya jiko chini ya mgomba. Miche yake ilikufa yote, na mwaka ule wa balaa, kabla ya moto, nikaiba nyingine tena siku niliyokwenda kushuhudia kesi ya watu, na hizo zikaota tatu. Lakini ziliota kijani. Kijani kitupu, majani ya kawaida yasiyo na baka hata moja. Nikajua ni adhabu. Nilijisemea kwamba mbegu ya wizi haitoi rangi, na nikaona ni haki. Ndiyo maana siku ya kung'oa hakuna aliyeyagusa. Hayakuwa na batobato.

Nilikaa kimya wiki tatu. Sababu nilikuwa nazo nyingi. Ya kwanza, haya si yale, kwa kuwa ni ya kijani. Ya pili, Balozi ndiye anayeamua kesi za wizi, sasa nijipeleke mwenyewe? Ya tatu, mume wangu angeniuliza kuhusu mbuzi ni nani aliyemkosea nani. Nyingine ilikuwa kwamba nisubiri siku ya soko ipite, na soko letu lilikuwa mara mbili kwa wiki, kwa hiyo kila mara lilikuwa linakuja jingine.

Kilichonitoa ni mkewe. Nilimkuta kisimani akaniambia, bila kuuliza lolote, "Mzee hali chakula. Ananiambia ameshiba na hajagusa." Nikaweka ndoo chini, nikaenda.

"Shikamoo, Balozi. Nimekuja kujishtaki."

Alisogeza ungo katikati yetu. "Menya..." akaanza, akakumbuka hakuna cha kumenya. "Eleza tu."

Nikaeleza yote, na njiani kuelekea jikoni kwangu nikawa naomba radhi mapema. "Lakini usitarajie kitu, Balozi. Yaliharibika. Ni ya kijani tu. Ni kwa sababu niliiba."

Alipiga magoti chini ya mgomba. Alishika jani, akapitisha kidole kwenye meno yake, akalikunja akanusa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamshika mkono, nikagundua anacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye tope la maji ya vyombo, koti na yote, miwani ikining'inia kwa uzi.

"Saba," akasema alipopata pumzi. "Yote huanza kijani. Mwaka wa kwanza hayana hata alama. Rangi inakuja mwaka wa pili."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia ya nini, na mbegu sikumpa mtu?"

Jumapili baada ya ibada aliitisha nyumba zote kumi. Alisimama kibarazani na sauti yake ya redioni ilikuwa imerudi. Akatangaza kwamba Saba ameiba mbegu za ofisi na kwamba ua lipo, la kijani, nyuma ya jiko, na litapata rangi mwakani. Tatu akasimama polepole, kofia mkononi.

"Balozi, na mimi niliiba. Yakaja kijani. Nikasema hii ni mboga tu."

"Ukayafanya nini?"

"Tukayapika."

"Yalikuwaje?"

Tatu akafikiri kwa uaminifu. "Machungu kidogo. Yanataka karanga."

Hapo kijiji kikafunguka. Nne aliiba, akaona kijani, akawapa sungura. Mbili aliiba, akafikiri Balozi anatupia mbegu za uongo kwenye ungo ili kuwatega, akazitupa mtoni kwa hofu. Watu wa Sita waliiba wote wawili, mke kwa wakati wake na mume kwa wakati wake, kila mmoja akimficha mwenzake, wakapanda pande mbili za nyumba moja. Watu walikuwa wakicheka na kusimama na kukiri mpaka ikawa zamu inagombewa. Mwisho akasimama mke wa Balozi mwenyewe. Yeye alikuwa akichota kutoka kwenye kopo chini ya kitanda, kila mwaka, akimpelekea dada yake aliyekuwa akichuma chai huko Bulwa.

"Bulwa," Balozi akasema, kama mtu aliyeambiwa mbegu zimefika mwezini.

"Hayakuota. Kule hakuna baridi ya kutosha."

Hakuna aliyebaki isipokuwa Bibi Kumi. Akasema bila kusimama, "Mimi sikuiba. Mimi nilitaka maharage yangu." Kicheko kikakatika. Balozi alishuka ngazi za kibaraza, akaenda kuketi karibu naye, na walichozungumza hatukukisikia. Msimu uliofuata alikuwa akionekana kwenye shamba la Bibi kabla jua halijachomoza, na alilima kipande kile kizima kwa mkono wake, matuta na yote, mwaka baada ya mwaka.

Hukumu ilikuwa fupi: ua la Saba lilindwe na nyumba zote. Lilindwa kweli. Nilipata wageni wengi nyuma ya jiko kuliko sebuleni. Ikapita mvua, ikapita kiangazi, ikaja ile baridi ya Juni ya ukungu ambayo nguo hazikauki. Asubuhi moja nikatoka kumwaga majivu, nikaona ukingo wa jani moja umepauka. Niliita jina la Balozi kwa sauti ambayo, mume wangu anasema, ilifika Irente. Walikuja wote na blanketi mabegani, wakasimama kwenye tope wakitazama baka jeupe lisilozidi punje ya mchele, na Tatu akaanza wimbo wa Pasaka ingawa Pasaka ilikuwa imepita. Maganda yalipokauka, mtu wa kwanza kupewa mbegu kwa ruhusa alikuwa Bwana Shamba. Balozi alimkabidhi mbele ya watu, na baada ya hapo hakuweka tena kopo chini ya kitanda.

Sisi tulihama mwisho wa miaka ile, mume wangu alipopata kazi Korogwe, kwenye joto. Mbegu nilizobeba hazikuota. Ilipita miaka mingi kabla sijarudi kukaa juu kwa zaidi ya siku ya msiba, na niliporudi Balozi hakuwa balozi tena. Kijana mwingine alikuwa na daftari. Watu waliendelea kumwita Balozi hivyohivyo, na yule kijana alikuwa anaitwa Mheshimiwa ili wasichanganyike.

Nilimkuta ameketi nje, amekonda ndani ya koti. Kitalu kilikuwa kimejaa. Kwenye nyumba nyingine pia, kila nilipopita, niliona mabaka meupe mlangoni, na katika nyumba ya Tatu yalikuwa upande wa jikoni, karibu na chungu. Bibi Kumi alikuwa amefariki mwaka wa nyuma. Balozi aliniambia alilifunga shada lake kwa mkono wake na halikutosha kaburi, akaongeza la pili.

Tulizungumza mpaka mkewe akaleta chai mara mbili. Nilikuwa mwanamke mzima sasa, nina wajukuu, na nikajipa ujasiri wa kumuuliza jambo ambalo kwa miaka yote lilinikera.

"Balozi, siku ile. Mama alikwambia usubiri, tukamuulize yule kijana. Ungesubiri mpaka asubuhi tu. Kwa nini hukusubiri?"

Aliangalia upande wa shamba la Bibi, ambalo sasa lilikuwa limelimwa na mtu mwingine.

"Kwa sababu ningepata sababu," akasema. "Nikilala usiku mmoja na ua lile, asubuhi ningeamka na sababu nzuri ya kuliacha. Na Bibi aliniomba usiku mmoja, nikamnyima."

Nikakumbuka wiki zangu tatu, na jinsi nilivyolala vizuri kila usiku wake. Nikamwambia. Nilidhani atacheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa kucheka. Balozi akaniwekea mkono kichwani, kama anavyofanya mchungaji, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu aliniita kwa jina langu.